Uyoga wa Rangi Kali Porini: Rangi Iwe Swali la Mwisho

Mvua zikishaanza kunyesha Mtwara, swali huwa lilelile, na mara nyingi huja na picha ya simu. Uyoga mwekundu, au wa njano iliyokolea, umepigwa kwa juu, kofia imejaa kioo kizima. Chini yake maneno mawili: "Huu unaliwa?"

Wanaouliza si wazee wa Tandahimba wala Masasi. Wazee hawana haja ya kuuliza. Ni walimu na wauguzi waliohamishiwa huku, vijana waliokulia Dar es Salaam wakarudi kwa bibi wakati wa korosho, na akina mama wachanga ambao mama zao walichuma uyoga lakini hawakuwahi kufuatana nao porini. Makala haya ni yenu.

Kwa picha ya namna hiyo hakuna mtu anayeweza kukujibu kwa haki. Rangi ndiyo inayokuita uiname, lakini ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Mvua huifua, jua huipausha, umri huigeuza. Uyoga mmoja unaweza kuwa mwekundu Jumatatu na wa machungwa Alhamisi. Kuna wa njano mtamu na wa njano wa kukulaza wodini, na hata wekundu wana pande hizo mbili. Kwa hiyo tutapanga maswali upya, na rangi tutaiweka mwisho kabisa.

## Kwanza: umesimama chini ya mti gani?

Anza na mti kabla hujaugusa uyoga. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayoondoa nusu ya hatari.

Uyoga wa njano na wa machungwa unaotafutwa na wengi, ule wanasayansi wanaouita Cantharellus, hauoti ovyo. Nyuzi zake huishi zikiwa zimeshikana na mizizi ya miti maalumu. Mti huupa uyoga sukari, uyoga huusaidia mti kunyonya maji na madini. Mti huo ukikatwa kwa mkaa, uyoga wake nao hutoweka, hata mvua inyeshe vipi.

Kwetu kusini miti hiyo ni ya misitu ya miombo: miombo yenyewe, mitondoro, na pia mikusu. Utaitambua miombo na mitondoro kwa dalili hizi:

- Haina miiba, na majani yake ni vijani vidogo vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja.
- Majani machanga hutoka mekundu au ya shaba mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua.
- Maganda ya mbegu ni magumu kama ubao, hupasuka kwa mlio na kujikunja. Utayakuta yametapakaa chini.

Sasa itazame ramani yako. Juu ya uwanda wa Makonde, penye Tandahimba mjini, Mahuta na Newala, ardhi ni mchanga mwingi, mikorosho, mihogo na vichaka vilivyosongamana. Miombo utaikuta zaidi ukishuka: upande wa Masasi na Ndanda penye milima ya mawe, kuelekea Nanyumbu, na kwenye miteremko ya bonde la Ruvuma. Aliyezoea kuchimba ming'oko, mizizi ya porini, anajua kuwa kila kichaka kina vyake. Uyoga nao ni hivyo hivyo.

Kutokana na hayo, shika kanuni hizi nne:

1. Chini ya mikorosho, miembe au minazi: uyoga wa njano uliouona hapo si Cantharellus. Miti hiyo haishikani na uyoga wa kundi hilo.
2. Kwenye kisiki, gogo au mzizi unaooza: si wenyewe. Cantharellus huota ardhini.
3. Uani, kwenye nyasi, uwanja wa mpira au karibu na zizi: tahadhari kubwa. Hapo ndipo huota uyoga mmoja mweupe unaotapisha vibaya, tutarudi kwake.
4. Chini ya misindano au mikaratusi: hiyo ni miti ya kuletwa, na imekuja na uyoga wake. Usihamishie huko ujuzi wa miombo.

## Vya kubeba

Huhitaji vifaa vya maabara. Chukua:

- Kikapu, au tenga dogo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata kama ungeipata, uyoga huvuja jasho ndani yake na kuoza kabla hujafika nyumbani.
- Kisu chenye ncha, kwa ajili ya kuchimbua kitako cha shina.
- Karatasi au majani mapana ya kutenganisha aina na aina.
- Mfuko mdogo wa pembeni wa uyoga wenye shaka. Usiuchanganye kamwe na wa kuliwa.
- Mwenzako. Nyasi za masika huficha nyoka, na karibu na Ruvuma ni vema viongozi wa kijiji wajue umeingia porini.

Msitu wa hifadhi una taratibu zake. Uliza ofisi ya kijiji au Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kabla ya kuingia na kikapu.

## Maswali matano, kwa mpangilio

Usiruke hata moja. Jibu la "sijui" kwa swali lolote maana yake ni kuuacha.

1. Unaota wapi na kwenye nini? Tumeshalizungumza.

2. Chini ya kofia kuna nini? Ugeuze. Utaona mojawapo ya vitu vitatu: vibamba vyembamba vilivyosimama kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa, mikunjo minene iliyotuna kutoka kwenye nyama yenyewe, au vitundu vidogo vingi kama sifongo.

3. Kitako cha shina kikoje? Hapa ndipo wengi huangukia. Wanang'oa kwa kuvuta, shina linakatika, na ushahidi unabaki ardhini. Chimbua kwa kisu, pembeni na chini, uutoe mzima. Tafuta mfuko au kikombe kinachokumbatia kitako. Tafuta pia pete, yaani ngozi laini iliyozunguka katikati ya shina.

4. Ukiuvunja, kinatokea nini? Nyama inachanika kwa nyuzi, au inavunjika kama chaki? Inatoa utomvu mweupe? Inageuka rangi? Inanukaje?

5. Unga wake ni wa rangi gani? Kata kofia ya uyoga uliokomaa, ilaze kifudifudi nusu juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya karatasi nyeusi, funika kwa bakuli, iache usiku kucha. Asubuhi utakuta unga wa mbegu zake umechora mistari. Rangi ya unga huo haibadiliki ovyo kama ya kofia.

Ukishajibu yote matano, sasa tazama rangi. Itakuwa nyongeza tu.

## Uyoga wa njano wa miombo: dalili zinazotakiwa zote pamoja

Huu ndio ninaomshauri anayeanza ajifunze kwanza, kwa kuwa una dalili nyingi zinazoweza kuthibitishana. Nimesema zote pamoja. Nne kati ya saba hazitoshi.

- Umeota ardhini chini ya miombo, mmojammoja au kwa kundi lililotawanyika, si kwa kishada kilichoungana kitako.
- Kofia haina magamba meupe ya kubanduka juu yake. Uliokomaa mara nyingi hubonyea katikati, ukingo ukawa na mawimbi.
- Mikunjo ya chini ya kofia haikomi ghafla kwenye shina. Inateremka nalo, hugawanyika matawi, na mara nyingi huunganishwa na vimishipa vya kukatiza.
- Mikunjo haibanduki kirahisi kutoka kwenye kofia kwa ukucha. Ni sehemu ya nyama.
- Shina halina pete wala mfuko.
- Nyama huchanika kwa urefu kwa nyuzi, haivunjiki kama chaki, wala haitoi utomvu mweupe.
- Harufu ni nzuri, karibu na ya tunda lililoiva, na unga wake ni mweupe hadi wa rangi ya malai.

Sasa onyo kwa wanaosoma vitabu vya nje au kutazama video za Ulaya. Huko watakuambia mikunjo ya Cantharellus huwa ya chini, imetuna kidogo tu, na kwamba ukiona vibamba vilivyosimama, uache. Kanuni hiyo imetungwa kwa uyoga wao. Miombo ya Afrika ina aina nyingi za Cantharellus, na baadhi, kama Cantharellus platyphyllus, zina mikunjo mirefu na mipana hivi kwamba mtu angeapa ni vibamba. Nyingine, Cantharellus congolensis, si ya njano hata kidogo. Hugeuka kijivu na kuelekea weusi. Cantharellus fistulosus, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2008 kutoka Tanzania na jopo la Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jina lake linatokana na uwazi wa shina lake.

Hilo likufundishe mambo mawili. Kitabu cha nje kikusaidie kujifunza kutazama, kisikupe hukumu. Pili, uyoga unaoliwa na wenyeji lakini hautimizi orodha yangu hauna ubaya kwa sababu hiyo. Ni kwamba wewe unayeanza hujaufikia.

## Wekundu na wa machungwa wenye mfuko: hapa simama

Swali gumu zaidi kutoka Masasi ni la uyoga mkubwa, kofia ya machungwa au nyekundu, unaotoka ardhini ukiwa kama yai jeupe kisha ukapasua ganda. Kundi lake ni Amanita. Ndani ya kundi hilo mna uyoga mtamu unaouzwa kandokando ya barabara katika nchi za miombo, na ndani ya kundi hilohilo mna wauaji wakubwa kuliko uyoga wote duniani.

Masasi ina heshima yake hapa. Marja Härkönen na wenzake kutoka Finland, wakishirikiana na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipochapisha mwaka 1994 kazi yao kuhusu Amanita wekunduwekundu wa Tanzania, waliueleza mmoja kwa jina la Amanita masasiensis, yaani wa Masasi. Kazi hiyo ilihusu wanaoliwa na wenye sumu kwa pamoja, kwa kuwa rangi zao zinakaribiana kiasi cha kuhitaji kuwekwa meza moja. Mwaka 2003 Härkönen, Tuomo Niemelä na Mwasumbi wakatoa kitabu kizima cha uyoga wa Tanzania. Ukikipata kwenye maktaba ya chuo, kaa nacho siku nzima.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni mfupi:

- Ukiona mfuko kwenye kitako, uache. Hata kama ni mzuri, hata kama ni mwingi.
- Ukiona "yai" jeupe ardhini, usilichume. Ndani ya yai hujui kuna nani.
- Mfuko ukiwa umebaki ardhini kwa sababu uling'oa kwa kuvuta, hesabu kwamba upo.
- Anayekula Amanita ya Masasi na awe amefundishwa na mtu anayeichuma palepale, kwa misimu kadhaa, akiwa anaishika mkononi. Makala haya hayawezi kukupa ruhusa hiyo.

Kwa wenyeji wa huku waliohamia Mafinga, Njombe na kwingineko Nyanda za Juu Kusini, onyo ni zito zaidi. Katika mashamba ya misindano huota Amanita muscaria, mwekundu mwenye madoa meupe, unaovuruga akili na kulewesha vibaya. Madoa yale ni mabaki ya ganda tu. Mvua kubwa ikipiga, huoshwa yote, ukabaki mwekundu au wa machungwa, laini, unaofanana na yule wa kwenu. Na Amanita phalloides, mwenye kofia ya kijanikijani au njano iliyofifia, amerekodiwa Tanzania kwenye mashamba ya misindano. Huyo ndiye anayehesabiwa kuua watu wengi zaidi duniani. Marekani ameua wahamiaji kutoka Asia waliodhani wameona uyoga wa kwao. Macho yao hayakuwa mabaya, ila waliyatumia kwenye msitu usio wao.

## Wengine wanaochanganya watu

Wa machungwa kwenye visiki. Huota kwa vishada, mashina mengi kutoka kitako kimoja. Kwa juu unaweza kufanana na Cantharellus kabisa. Ulaya, Omphalotus wa namna hii huwatapisha wachumaji kila mwaka. Angalizo: mzizi ukiwa umefukiwa na mchanga, kishada kitaonekana kimeota ardhini. Chimbua uhakikishe.

Wekundu wanaovunjika kama chaki. Kundi la Russula. Kofia nyekundu au ya zambarau, vibamba vyeupe, shina likikatika hutoa sauti kavu. Wapo wanaoliwa, wapo wachungu wa kuchoma ulimi na kusumbua tumbo. Waachie wazoefu.

Wenye utomvu. Ukivunja hutoa matone meupe kama maziwa. Baadhi huliwa sana katika miombo baada ya kupikwa vizuri, lakini si somo la mwaka wa kwanza.

Mweupe mkubwa wa uani. Chlorophyllum molybdites. Kofia pana nyeupe yenye magamba ya kahawia, pete kwenye shina, huota kwenye nyasi na viwanja baada ya mvua. Watu hudhani ni uyoga wa kichuguu. Unga wake ni wa kijani, nao ndio unaoumbua. Ndani ya saa chache huleta matapishi na kuhara kwa nguvu.

Uyoga wa kichuguu wenyewe. Huu ni mzuri, na unaweza kuota hata katikati ya shamba la korosho mradi pana mchwa. Dalili yake kuu ni mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kiota cha mchwa. Usipouchimbua hutauona mzizi huo, na usipouona huna uthibitisho.

## Vipimo vya uongo

Hivi huniletea hofu kuliko uyoga wenyewe, kwa sababu humpa mtu ujasiri asiostahili.

- "Weka kitunguu, sarafu au mchele kwenye sufuria, ukibadilika rangi una sumu." Si kweli. Sumu ya Amanita phalloides haibadilishi rangi ya vitu hivyo.
- "Ukiliwa na konokono, wadudu au tumbili, nasi tunaweza kula." Tumbo la mnyama si la mtu.
- "Chemsha, mwaga maji ya kwanza." Njia hii hupunguza ukali wa baadhi ya uyoga. Sumu inayoharibu ini haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha.
- "Wenye sumu ni mchungu au unanuka." Waliokula Amanita phalloides wakapona wamesimulia kuwa ulikuwa mtamu.
- "Ukimenyeka kofia, salama." Wauaji nao humenyeka.
- "Wenye rangi kali ndio wenye sumu." Hapa rangi inakudanganya kwa mara ya pili. Cantharellus wa njano ni wa rangi kali na huliwa. Kati ya wauaji wakubwa wamo weupe safi kabisa.

## "Lakini bibi amekula maisha yake yote"

Kweli, na bibi ndiye mwalimu bora utakayempata. Ila elewa kile anachokijua. Anaujua msitu wake: mteremko huu, miti hii, mwezi huu. Akisema uyoga fulani ni mzuri, anasema kuhusu ule wa pale. Ukimpelekea picha kutoka Mafinga, humpi nafasi ya kutumia ujuzi wake.

Kwa hiyo jifunze kwake hivi:

1. Fuatana naye porini. Usimsubiri nyumbani arudi na kikapu.
2. Muulize jina kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, kisha mwombe akuonyeshe wadogo, waliokomaa na waliozeeka. Jina moja linaweza kubeba aina zaidi ya moja.
3. Muulize na wale anaowaacha, na kwa nini. Jibu hilo ni la thamani kuliko orodha ya wanaoliwa.
4. Msimu unaofuata, chuma wewe, yeye akague. Akikutolea hata mmoja, bado hujahitimu.

## Kuchuma, kusafisha, kupika

Siku chache baada ya mvua nzuri, asubuhi kabla ya jua kali, ndio wakati wake. Ukikuta kundi, chuma waliokomaa, waache wachanga na wale waliozeeka wakatawanye mbegu. Usichimbuechimbue ardhi baada ya kuhakikisha aina. Nyuzi ziko humo.

Mchanga ndio adui wa uyoga wa ukanda huu. Ukishakikagua kitako na kuridhika, kikate palepale na kupangusa uyoga kwa brashi laini au jani kabla ya kuutia kikapuni, maana mchanga ukiingia kwenye mikunjo utautafuna hadi kwenye ugali. Usichume kandokando ya barabara yenye magari mengi, kwenye majalala, wala kwenye shamba lililopuliziwa dawa ya magugu au ya wadudu. Uyoga hunyonya vilivyomo ardhini, na kuosha hakuondoi kilichokwisha kuingia.

Jikoni:

- Kagua tena mmojammoja. Mwenye shaka nje.
- Usipike aina ambazo hujazizoea pamoja. Mtu akiumwa, hutajua ni upi.
- Usile mbichi. Pika uive kabisa, dakika 20 si nyingi, ndipo utie karanga za kutwanga au tui la nazi.
- Mara ya kwanza kula kiasi kidogo, na usile tena kabla siku nzima haijapita. Watoto wadogo na wajawazito wasijaribishiwe.
- Usinywe pombe na uyoga usiouzoea.
- Weka uyoga mmoja mzima, mbichi, pembeni kwenye karatasi hadi kesho yake. Ukipatwa na tatizo, huo ndio utakaoonyeshwa hospitali.

## Mtu akiumwa

Tazama saa. Anayetapika ndani ya saa 2 au 3 tangu kula yuko kwenye taabu, ila mara nyingi tatizo ni la tumbo. Anayeanza kutapika na kuhara kati ya saa 6 na 24 tangu kula yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hivyo ndivyo sumu ya ini inavyoanza. Na kuna mtego: siku ya pili anaweza kupata nafuu, akaamka, akaomba uji. Nafuu hiyo ni ya uongo. Ini linaendelea kuharibika, na hali hugeuka siku ya tatu au zaidi.

Fanya hivi:

1. Mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja, hata kama ametulia. Ukiambiwa rufaa, usichelewe. Hospitali kubwa za ukanda huu ni pamoja na Ndanda, Mkomaindo ya Masasi na Ligula ya Mtwara.
2. Beba uyoga uliobaki, maganda, hata mabaki ya mboga.
3. Wachukue wote waliokula sufuria ile, hata wasioumwa.
4. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe maji ya chumvi na sukari kidogokidogo njiani.
5. Usimtapishe kwa nguvu, usimpe maziwa, mafuta wala mitishamba ukidhani ni dawa ya kuondoa sumu.
6. Mwambie daktari saa ya kula na saa dalili zilipoanza. Maneno hayo mawili huamua mengi.

## Mengine mnayoniuliza

Nikutumie picha ya WhatsApp? Tuma tano, si moja: mti uliokuwa juu yake, kofia kwa juu, chini ya kofia, shina zima na kitako kilichochimbuliwa, na uyoga uliopasuliwa katikati. Hata hivyo picha husaidia kukataa, haitoshi kuruhusu. Programu za simu za kutambua uyoga nazo zitumie vivyo hivyo.

Naweza kuupanda shambani kwangu? Huu wa miombo, hapana. Hauishi bila mti wake. Unaolimwa kwenye mifuko ya pumba na majani makavu ni aina nyingine, zinazokula mabaki ya mimea. Ukitaka Cantharellus, tunza kipande cha miombo: usikikate, na ukilinde na moto wa kiangazi.

Nimekuta unauzwa sokoni, je? Muulize muuzaji ameuchuma wapi na yeye mwenyewe huula vipi. Nunua uliobaki mzima, kavu, usio na ute, wa aina moja. Fungu lililochanganywa aina nyingi zilizokatwakatwa lipite.

Nikijifunza mmoja tu inatosha? Inatosha kabisa. Ni heri kumjua mmoja pande zote kuliko kumi kwa rangi zao.

Basi msimu huu, ukiinama mbele ya uyoga unaong'aa chini ya mtondoro, uliza mti, geuza kofia, chimbua kitako, vunja, subiri unga. Jibu likikosekana popote, uache hapo ulipo na urudi nyumbani ule mboga nyingine. Hakuna aliyewahi kufa kwa uyoga aliouacha.